Wageni wa Hospitali

Enzi zetu mtoto wa mji wetu hakuhitaji saa. Kengele ya hospitali ikilia asubuhi, tulijua madaktari wanaanza kupita wodini na sisi tumeshachelewa kuhesabiwa namba shuleni. Ikilia mchana, ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na barabara nzima ilinukia ugali wa mtama, mlenda na uji unaopelekwa mbiombio kabla haujapoa.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, kwenye barabara ya kwenda Ushirombo, na bila hospitali ile ya misheni usingekuwepo kabisa. Hospitali ndiyo iliyotuletea bomba la maji, fundi viatu, muuza vitenge, na hata timu ya mpira. Kipa wetu alikuwa mtunza chumba cha maiti, na wageni waliokuja kucheza nasi walisitasita kumpa mkono.

Michezo yetu nayo ilitoka hukohuko. Tulicheza hospitali, na udaktari alipewa mwenye mwandiko mbaya kuliko wote. Sindano ilikuwa kijiti, dawa ilikuwa maji ya majivu, na mgonjwa akikataa kulia alifukuzwa wodini. Leo mwanangu kichwa kikimuuma anaiuliza simu kwanza. Ikishamtisha vya kutosha ndipo ananikumbuka mama yake.

Nyumba yetu ilipakana na uzio wa hospitali. Wagonjwa walitoka mbali, machimbo ya Geita, vijiji vya Kishapu, na ndugu waliowaleta hawakuwa na pa kulala. Mama alikuwa na uani mpana na masufuria mengi. Mimi Kabula ni mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo wote walimwita Mama Kabula, na wengine walilijua jina hilo kabla hawajafika mjini. Jioni uani kwetu kulikuwa na mafiga kila kona, na sisi watoto tulizunguka tukionja michembe ya viazi ya huyu na karanga za yule.

Kiangazi kimoja alifika mfugaji kutoka upande wa Songwa. Mkewe alikuwa na kifua kikuu cha mgongo, hawezi kusimama, na amesafirishwa juu ya lori la pamba. Daktari aliwaambia matibabu yatachukua muda mrefu. Yule baba alikuwa na ng'ombe aliowaacha bila mtu, ikabidi arudi, akamwacha binti yao Holo amwangalie mama yake. Wodini mtoto haruhusiwi kulala. Mama yangu akamchukua, akamlaza kitandani kwangu.

Holo alikuwa rika langu na hakujua Kiswahili. Mama alikwenda kumwomba mwalimu mkuu amruhusu akae darasani kwetu. Siku ya kwanza kila alichoulizwa alijibu "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, na darasa zima likaangua kicheko. Kilikoma jioni tulipocheza rede. Holo alikuwa amekulia machungani akiwageuza ng'ombe kwa mawe. Mpira wake wa soksi haukukosa mgongo wa mtu. Tangu siku hiyo kila timu ilimgombea.

Alijifunza Kiswahili upesi, kisha kusoma, kisha akaanza kunipita hesabu. Alasiri tulipeleka uji wodini pamoja. Mama yake alinyoosha mkono kutoka kitandani, akatushika vichwa vyote viwili, akatuuliza tumekula nini. Wauguzi walimpenda Holo, wakamwachia akunje mashuka, naye akaanza kusema atakuwa nesi. Alilisema kwa utulivu, kama anavyosema kesho kuna gulio.

Mvua zilikuja zikapita, na mama Holo akaanza kusimama. Alijifunza tena kutembea kwenye baraza ya wodi, mkono mmoja begani kwangu, mwingine begani kwa bintiye. Ndipo baba Holo akaja kuwachukua.

Mama yangu aliwakaribisha, akawapa chakula, kisha akaomba Holo abaki amalize darasa la saba. Alieleza jinsi anavyosoma, akataja yale walimu na wauguzi wanayosema juu yake. Baba Holo aliangalia chini. Mama Holo alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshikilia fimbo yake.

"Mama Kabula," alisema, "mlinitibu ili nimlee mwanangu. Akibaki hapa, nimeponea nini?"

Mama yangu aliinuka, akakusanya vyombo. Kisha aliingia ndani akafunga nguo za Holo kwenye kitenge, pamoja na sare ya shule. Walipopanda gari Holo hakunitazama. Siku ile mama hakupika, na baba yangu ndiye aliyetukorogea uji, ukawa na madonge. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama kwa nini hakung'ang'ania. Alisema hata yeye bado anajiuliza.

Baba alipata kazi Shinyanga mjini, tukahama, nyumba ikauzwa. Mama alikwishafariki. Mji wetu umekua kwa namna ambayo tusingeiota. Hospitali ina ghorofa na mashine za kuona ndani ya mwili. Ng'ambo ya barabara ni maduka ya dawa na lodge zimepangana, na penye uani wetu ni lodge ya vigae vyekundu.

Mwaka jana nilikwenda huko kupima shinikizo la damu. Fundi viatu, mzee sasa, alinitambua. Aliniambia alikuja mwanamke mwenye mtoto mgonjwa akimtafuta Mama Kabula. Alisimama mapokezi ya lodge, binti wa pale akamwambia hamjui mtu huyo, ila chumba kipo. Hakuwa na cha kulipia. Akalala barazani kwa fundi hadi mtoto akatoka wodini. Jina lake Holo. Mzee alikuwa amelishika kichwani jina la kijiji cha Holo, nikaenda.

Nilimkuta akitwanga. Alinitazama kidogo, akaweka mchi chini, tukakumbatiana. Mtoto wake alikuwa akikimbiza ndama, mzima kabisa. Holo aliniambia mama yake alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi alipozeeka na kufa, na kwamba yeye shuleni hakurudi tena, ilikuwa mbali. Nilipomweleza kuhusu mama yangu, alijifunika uso kwa khanga.

"Nilikuja kumwonyesha mjukuu wake," alisema.

Alipotulia alinimiminia maziwa ya mgando. Aliisifu hospitali, akasema mtoto alipona haraka kuliko alivyotegemea. Kisha akasema polepole, "Ila Kabula, siku zote nilizokaa pale, hakuna aliyeniuliza natoka wapi."

Nilitaka kuutetea mji wetu. Ndio ulionilea. Siku hizi nikienda kupima nalala lodge kama wengine, nafunga mlango, nawasha feni, na asubuhi naondoka bila kujua chumba cha pili amelala nani, wala anamuuguza nani.