Chumvi Kwenye Maharage ya Magdalena

Ukipanda hadi kule Mgeta asubuhi, utamkuta Severini na debe lake, akipita jiko kwa jiko kuomba majivu. Watu humpa, wala hawamtanii. Zamani walimtania sana, na hapo ndipo nitakapoanzia, ndugu zangu, maana namjua na si mtu mbaya.

Severini alikuwa hodari wa bitiruti. Siku moja bibi shamba, binti aitwaye Yasmin, alikuja kuwafundisha wakulima. Akaeleza kwamba mmea unahitaji potasiamu, lakini bitiruti ina tabia yake ya pekee: sehemu ya kazi ya potasiamu inaweza kufanywa na sodiamu, ambayo imo hata kwenye chumvi ya jikoni. "Kidogo tu," alisema, "tena kwa bitiruti."

Severini alisikia "chumvi", basi, akatosheka. Kwani mbolea ya dukani si ndiyo tunaiita ya chumvichumvi tangu enzi za babu? Kumbe siri ilikuwa kwenye jina! Akaondoka kabla ya maswali.

Jirani yake Tomasi alimwona akinyunyiza. "Severini, unapanda au unapika?"

"Wewe subiri kuonja."

Bitiruti zikatoka kubwa kama ngumi za bondia. Tomasi akafyata mkia. Na Severini, kichwa kikavimba.

Dada yake mkubwa, Magdalena, alikuwa na matuta matatu ya maharage. Hayakuwa maharage ya sokoni. Huku Uluguru shamba hurithiwa kwa kufuata tumbo la mama, na mbegu hizi nazo zilifuata: ndogo, zenye madoa ya zambarau, zilitoka kwa bibi yao, zikaja kwa mama, zikamfikia yeye, zikitunzwa ndani ya kibuyu pamoja na majivu ili wadudu wasizitoboe. Mwaka ule akiba ilikuwa ndogo, akapanda zote.

Majani yalipoanza kuwa ya njano pembeni, Magdalena alichukua debe la majivu, kama mama yao alivyokuwa akifanya. Severini akamkuta hapo.

"Shikamoo dada. Majivu tena? Mambo ya bibi hayo."

"Marahaba. Mambo ya bibi ndiyo yaliyokulisha ukaota ndevu."

"Weka chumvi, dada. Bitiruti zangu si umeziona?"

Magdalena akatua debe. "Bibi shamba alisema na maharage?"

Severini angeweza kusema hajui. Namba ya Yasmin alikuwa nayo kwenye simu.

"Ndiyo," akasema.

Akanyunyiza chumvi mwenyewe siku ileile. Wiki ya pili kingo za majani zilikauka kama zimepitiwa na moto. Ya tatu, maua yakadondoka. Yasmin alipoitwa, alichuma jani moja, akalitazama, akauliza nani kaweka chumvi.

"Mimi," Severini akajibu.

"Baba, asili ya bitiruti ni ufukweni, imeizoea chumvi. Maharage na chumvi hukutana kwenye sufuria tu. Na potasiamu mnayo hapahapa. Imo kwenye majivu."

Severini alilitazama lile debe. "Udongo utapona?"

"Mvua za huku zitauosha. Msimu mmoja, miwili."

"Na mbegu?"

Yasmin hakulielewa swali. Magdalena alilielewa, akajifunga khanga vizuri na kuingia ndani.

Udongo ulipona kweli. Severini alizunguka vijiji akiulizia maharage yenye madoa ya zambarau. Alipata mekundu, alipata ya njano, Magdalena akapanda hayo. Magdalena hakuwahi kumfokea. Mara moja tu, wakipalilia, alimwambia, "Ungesema 'sijui', Severini. Halikuwa neno refu."

Kila Jumamosi Severini humpelekea dada yake majivu, huyamwaga mwenyewe, tuta kwa tuta.

"Maharage yanaendeleaje, dada?"

"Yanaota," humjibu, na kumkaribisha uji. Wanakunywa wakiwa wamekaa kizingitini. Kibuyu cha mbegu kiko ndani, kwenye msumari wake, kimegeuzwa mdomo chini.