Saa Moja ya Yoeli

Penina alikuwa fundi wa kulehemu redio katika karakana ya Yoeli, pale Ngarenaro. Mkono wake ulikuwa mwepesi: inzi akitua mezani, kabla hajaruka alikuwa keshafungwa waya na anasoma taarifa ya habari. Redio arobaini kwa siku, na hakuna hata moja iliyorudi.

Lakini Yoeli hakutulia. Redio zikafuatwa na chaja, chaja na taa za sola, taa na kengele za mlango. Mshika mbili moja humponyoka. Yoeli alishika nne, halafu akashangaa kazi inashuka. Kila Penina alipoanza kuzoea, meza ilifagiliwa. Sasa hata vipande kumi vilimtoa jasho, na Yoeli akamwambia waziwazi: "Dada, wiki hii usipofikisha thelathini kwa siku, kiti hicho anakaa mwingine."

Bidhaa ya wiki hiyo ilikuwa swichi za saa, za kuwasha na kuzima taa za banda la kuku zenyewe. Yoeli akabandika karatasi ukutani: Iwake saa 1, izime saa 4. Penina, mbio mbio, akabonyeza 01:00, akabonyeza 04:00, akafunga skrubu nne. Siku mbili, swichi sitini. Zikaenda kwa chama cha wafugaji wa kuku, Nduruma.

Haikupita wiki, mwenyekiti wao, Silantoi, akaingia karakana macho mekundu kama pilipili.

"Yoeli, umetuuzia taa au wachawi? Saa saba usiku mabanda yote yanawaka! Jogoo wanawika mpaka mzee wa kanisa kavaa suti, akidhani parapanda imelia! Mchana kuku wanasinzia kama walinzi, yai hulioni!"

Yoeli akamgeukia Penina. "Saa moja ni saa moja jioni! Nani hajui?"

"Kifaa chako hakijui. Saa moja yake ni saa saba yetu ya usiku. Na ningelikumbuka hilo, kaka, kama ungeniacha hata wiki moja kwenye kitu kimoja. Nahamishwahamishwa kama mbuzi wa mahari!"

"Mfukuze basi," Silantoi akasema, "halafu uzirekebishe mwenyewe. Zote sitini ziko kwenye gari hapo nje."

Yoeli akaitazama karatasi, na mwandiko ulikuwa wake. Akaibandua.

"Haya, kaa. Wiki nzima, kitu kimoja."

Ndivyo Penina alivyoipata ile wiki aliyoililia mwaka mzima. Akaimaliza akifungua skrubu mia mbili na arobaini, na kuzifunga tena.