Aliyetia Maji Kwenye Injini ya Boti

Leo nimemwita mama wa watu mwizi mbele ya kijiji kizima cha Kihagara. Hongera kwangu.

Injini ya boti iligoma kuwaka. Nikatoa plagi, zinachuruzika maji. Mimi mtaalamu nikajua papo hapo: Mama Tumaini, anayeniuzia petroli, kaichanganya na maji. Nikamfuata, nikapayuka weee.

Fundi akaja. Akamimina petroli kwenye chupa, akaiacha itulie. Hakuna hata tone la maji chini.

Akavuta kamba ya injini. Maji yakaruka kutoka kwenye silinda.

"Haya yamemiminwa kwenye matundu ya plagi," akasema.

Baba mkwe, aliyekuwa kando akitazama, akakohoa.

"Jana ulipotoa plagi kuzisafisha, nilitia maji ya baraka kidogo. Padri alipobariki boti alinyunyizia nje tu. Kwani inayofanya kazi si ndani?"

Utamjibu nini mkweo? Shikamoo tu.

Fundi akakausha silinda, akarudisha plagi. Ikawaka mvuto wa kwanza.

Baba mkwe akawageukia watu: "Mmeona? Baraka hizo!"

Sasa naelekea kwa Mama Tumaini na samaki wawili aina ya mbasa mkononi. Mnaojua kuomba msamaha, nifundisheni haraka.

Akinimwagia maji, niombeeni yawe ya baraka.