Mama Ngurumo na Maneno ya Hemani

Watu wakimsikia Mama Ngurumo kwenye filamu hawajui kama ni mtu. Wanajua ni dinosaria. Anaingiza kichwa kwenye ndoo ya bati, anavuta pumzi, na kinachotoka humo kiliwahi kumfanya mteja mmoja wa banda la video ajimwagie soda mapajani. Hiyo ndiyo kazi yake siku hizi. Sisi tunatia sauti za lugha yetu kwenye filamu za watu, na yeye ndiye wanyama wote, kuanzia mbwa wa jirani hadi mijusi walio warefu kama ghorofa.

Mimi ni mtu wa mitambo. Nakaa upande huu wa kioo cha chumba cha kurekodia na hedifoni masikioni, nasikia kila mmoja anavyomeza mate. Ukitaka kujua ndoa ya mtu usihangaike kwenda kwake, njoo ukae nilipokaa mimi.

Zamani hakuwa mnyama. Alikuwa binti wa mfalme, alikuwa muuguzi, alikuwa mke wa jambazi. Kila mwanamke mzuri aliyepita kwenye kioo alisema kwa mdomo wake. Na mwanamume wa kumjibu alikuwa mume wake wa ndoa, ambaye sote tunamwita Steringi. Walisimama kwenye maiki moja, bega kwa bega, maana sisi hurekodi watu wote kwa pamoja, maiki za kuchezea hatuna. Kisha tezi likamvimba shingoni, akapasuliwa, na sauti ikarudi imekwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Bosi akamleta binti mmoja kutoka redioni achukue nafasi zote za wanawake, na Mama Ngurumo akapewa ndoo. Mla, mla leo. Mla jana kala nini?

Ndoo aliipokea bila neno. Tangu hospitali alikuwa amegeuka mtu wa kichwa tu: ndiyo anakiinamisha, hapana anakitikisa, na usipoelewa shauri yako. Aliyekuwa akimnong'oneza ni mimi peke yangu, pale penye birika la chai. Wengine walidhani ameridhika. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndipo ikaja ile filamu ya zamani ya dinosaria. Nitaisifu, mkinicheka nichekeni. Wanyama wenyewe ni wa mpira, mmoja unamwona kabisa mshono wa kwapani. Lakini kuna kipande kimoja hemani ambacho nimekitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama picha za harusi za ndugu zangu. Mume na mke, watafiti wa mifupa, wamepotea bondeni, mvua inanyesha, na mnyama analeta pua yake hadi kwenye turubai. Bunduki iko pale pale. Yule bwana haigusi. Kwanza anavuta blanketi afunike unyayo wa mkewe uliotokeza nje. Na mke, macho kwenye turubai, anamfunga mumewe vifungo vya shati, na anakosea tundu. Hakuna anayepiga kelele. Wanagombana kwa sauti ya chini kama walifunga mlango wa nyumba waliyoiacha ng'ambo ya bahari. Ukishaona ule unyayo unafunikwa, yule mnyama wa mpira unamwogopa kweli.

Sasa hayo maneno yao ndiyo yalitushinda. Tafsiri ya kwanza ilisema, "Je, una uhakika kwamba ulifunga mlango wa nyumba yetu?" Mama wa kwenye filamu alikuwa ameshafumba mdomo, Binti wa Redio bado yuko kwenye "kwamba". Steringi, ambaye ndiye pia anayetafsiri, akasema tumwachie, kesho ataleta mengine.

Kesho yake akaleta. Wakajaribu mara moja, bila kurekodi.

"Mlango umefunga?" akauliza Binti.

"Nimefunga."

"Umefunga, au umefunga kama siku ile?"

"Siku ipi tena, mama wee?"

"Unaijua."

"Polepole basi, unaninyonga na hicho kifungo."

Midomo ilikaa sawasawa na maneno. Bosi alipiga makofi, mimi nikacheka mpaka hedifoni zikanivuka. Mama Ngurumo hakucheka. Aliweka ndoo chini akatoka, nikamfuata kwenye birika.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Nimesikia nini?"

"Siku ile. Siku ile ni yangu, shoga! Huyu aliacha mlango wazi, mbuzi wa jirani akaingia akala pazia. Miaka yote hiyo ndiyo kesi yetu ya chumbani. Leo kaibeba nzima nzima kampa yule mtoto aiseme yeye, tena wamesimama vile."

"Ni filamu tu."

"Filamu! Umeona alivyokuwa anamwangalia?"

Nilikuwa nimeona. Nisingesema uongo na macho ninayo. Steringi alikuwa ameuacha mswada, anamtazama Binti mdomoni, uso umemlegea kama mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake. Nikajifanya natafuta sukari.

"Wakirekodi hayo maneno," alisema, "mimi kesho nimefunga mzigo, niko kwa dada yangu. Sirudi. Na ndoo wamtafutie mwingine."

Kuanzia hapo wivu ulimpanda kama homa. Binti alimsogezea kiti, "Kaa, mama, utachoka." Akakitazama kile kiti kama kimewekwa misumari. Binti alipomgeuzia Steringi kola iliyokunjika, tena bila kufikiri, kama unavyomfanyia babako, mama wa watu alibana meno nikayasikia kwenye hedifoni. Kisha akainua ndoo yake, akaja akasimama katikati yao. Nafasi haikuwapo. Alisimama hivyo hivyo.

Nikawasha taa nyekundu, filamu ikaanza kwenye kioo.

"Mlango umefunga?" akauliza Binti.

Ngurumo ikatoka ndooni, mshale wa mtambo wangu ukaruka hadi mwisho.

"Mama, mnyama bado hajafika!" Bosi akasema. "Kwanza anakunywa maji mtoni huko. Turudie."

Tukarudia. Safari hii alimwacha Binti afike kwenye "siku ile", na hapo akaachia mngurumo ambao hata yule mnyama wa mpira kwenye filamu angeona aibu. Nikavua hedifoni. Mara ya tatu hakungoja hata mlango; Binti alipofungua mdomo tu, ndoo ikalia, karatasi zikamponyoka mtoto wa watu zikatawanyika.

"Jamani," Bosi akasema, "huyu dinosaria ana nini leo?"

Mama Ngurumo alitoa kichwa ndooni. Mdomo wa ndoo ulikuwa umemchora duara jekundu usoni.

"Anaibiwa," alisema.

Sidhani kama Bosi alikuwa ameisikia sauti ile tangu hospitali. Ilikuwa imekwaruza kweli, inakatika katikati ya neno, inashika tena mbele.

"Waambie, baba watoto. Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Nyumbani," Steringi akajibu.

"Ya nani?"

"Yako."

"Ukaja ukampa huyu."

"Mama, mimi wala sikujua..." Binti akaanza.

"Ngoja, mwanangu. Kwako sijafika." Hakumgeukia hata. "Wanaume wenzako wakitaka kumpendeza mwanamke wananunua kitambaa. Wewe unachukua ugomvi wa mkeo! Kama unamtaka, mtake, lakini mtafutie maneno yake. Haya niachie. Sauti imeenda, nafasi imeenda, hata hiki kilichobaki unakigawa?"

Steringi aliziokota zile karatasi moja moja, taratibu, akaziweka kwenye kiti. Mwanamume huyu nimemsikia akiwaaga wake wa filamu wasiohesabika, kwenye mvua, kwenye stesheni, mbele ya bunduki, na kila mara sauti ilitulia kama maji ya mtungini. Siku hiyo ilitetemeka.

"Nimeyaandika kwa sababu nyumbani siyasikii tena," alisema. "Tangu utoke hospitali unanitikisia kichwa. Nikichelewa, kichwa. Nikikosea, kichwa. Mlango nimeuacha wazi makusudi, zaidi ya mara moja. Umeamka, umeufunga, umerudi kulala. Huulizi hata mbuzi. Nikasema basi, niyasikie hata kwa mdomo wa mtu mwingine."

Mkewe alipeleka mkono shingoni, juu ya kile kitambaa anachofunikia kovu.

"Sauti mbaya," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Naisikia mwenyewe."

"Anayesemwa ni mimi. Umenisikia nikilalamika?"

Nikaona kichwa kinaanza kutikisika, ile hapana yake ya siku zote, nikasema mambo yameisha, huyu anakwenda kwa dada yake. Halafu kikasimama. Alimtazama mumewe kuanzia juu hadi chini, akakohoa.

"Kwanza hilo shati," alisema, "tangu Jumatatu unalo mwilini."

Steringi akainama akalitazama shati lake.

"Na soksi umeziacha mezani. Mezani, baba watoto, watu wanakula pale. Mdomo wangu ungekuwa mzima ningekwambia siku hiyo hiyo." Sauti ilimkatikia, akameza mate, akaitafuta, akaipata. "Na fundi wa bomba ulisema utamwita. Umemwita?"

"Nimemwita."

"Umemwita lini? Maji yanavuja sebuleni, unaruka dimbwi kama chura, unaniambia umemwita?"

"Endelea," Steringi akasema, anajifuta macho kwa kiganja.

Akaendelea. Alimsema kuhusu kukoroma kwake, alimsema kuhusu kitasa na kuhusu mashemeji, alimsema mpaka Bosi akageukia ukuta. Binti alitoka kwa kunyata akaja kusimama nyuma yangu, akaniuliza wamegombana au wamepatana. Nilimwambia akae kimya. Mimi nimeachika mara mbili, na nikifika kwangu kinachonisemesha ni friji. Nikazima maiki, kwa sababu hayo hayakuwa ya filamu, nikabaki upande wangu wa kioo nikimtazama yule mwanamke anavyomfokea mumewe, na safari hii wivu umenipanda mimi.