Rangi za Kamba za Bi Somoe

Mimi Leonia sina subira, na Kilindoni nzima, hapa Mafia, inalijua hilo. Ukija kwenye stationari yangu ukaniuliza mara tatu "imefika wapi?", nitakwambia kakae benchi ile pale. Ndivyo nilivyomwambia Bi Somoe, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Bi Somoe ni mkulima wa mwani kutoka kisiwa cha Chole. Alianza kilimo hicho hifadhi ya bahari ikiwa bado changa, na kwa mwani huohuo amemsomesha bintiye Chiku mpaka kidato cha nne. Yeye mwenyewe kusoma hajui. Siku ile alivuka asubuhi na mapema na wenzake wanne, kila mmoja na vyeti vya binti yake kwenye bahasha ya kaki. Mabinti wote watano walikuwa wanaomba chuo kimoja cha uuguzi, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa jioni hiyo. Ukishatuma, hakuna kurekebisha.

Basi mimi, kwa ujuaji wangu, nikafungua fomu zote tano kwa mpigo. Vichupo vitano, kila fomu na kichupo chake, vimepangana juu ya kioo cha kompyuta, nembo ileile, maandishi yaleyale. Mtandao nao ukawa unasuasua, hiki kikigoma nahamia kile. Bi Somoe akaja kusimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hiyo ya nani?"

"Ya Chiku wako hiyo! Hebu kakae benchi mama, unanichanganya."

Hakwenda. "Mbona sura ya Mwanasiti, binti wa mwenzangu?"

Mshale ulikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma. Nikapandisha ukurasa. Yesu wangu! Picha ya Mwanasiti, jina la Mwanasiti, na chini yake nimepachika cheti cha Chiku. Nikafungua fomu ya Chiku, nako kuna cheti cha Mwanasiti. Wasichana wawili wangekataliwa kwa kidole changu kimoja.

Bi Somoe akavuta stuli. "Kwani nyie fomu zenu hamziwekei alama?" Akanieleza kwamba shambani kwao kamba za mwani zote zinafanana, tena zimepakana. Kwa hiyo kila mwanamke hufunga kwenye vigingi vyake kipande cha kanga kuukuu, rangi yake, na hakuna anayevuna ya mwenzake.

Nikakumbuka kivinjari kina njia ya kutia vichupo rangi, kitu nilichokiona siku nyingi nikakipuuza. Nikabofya.

"Yako rangi gani, mama?"

"Nyekundu."

Mama yake Mwanasiti akasema kijani, wa tatu manjano. Wawili wakagombania bluu, tukacheka wee, mpaka mmoja akakubali zambarau. Sasa nikitupa jicho juu tu najua niko kwa nani. Kufika saa kumi, zote tano zilikuwa zimekwenda salama.

Chiku alichaguliwa. Bi Somoe akaja na pweza mkavu, akawa ananishukuru mbele ya wateja mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mama, usinishukuru mimi. Nilikufukuza. Ungenisikiliza ukaenda kukaa, Chiku asingepata chuo. Mimi ndiye ninayekushukuru, tena sana."

Akaweka pweza mezani.

"Najua ulinifukuza, na nilikuogopa," akasema. "Ila mtoto ni wangu. Wewe una kompyuta tu."