Altrasaundi ya Shingo na Sufuria la Mtori

Jamani, hii habari mie nikiisimulia mpaka leo naziba uso kwa kanga, maana nikipita ile hospitali yetu mlinzi bado ananiuliza mtoto hajambo, na huyo mtoto hajawahi kuwepo.

Nilikuwa na uvimbe shingoni, mdogo tu, kama mbegu ya ubuyu. Daktari akasema tezi ipigwe altrasaundi, na wakiona haieleweki watachoma sindano palepale, wavute chembechembe wakapime kama ni kansa. Usingizi ukanihama, ila nyumbani sikusema. Nikajifunga mtandio, na wifi yangu Neema (mdogo wa mume wangu, tunaishi naye Tegeta) aliponiuliza naenda wapi, nikamjibu kwa mkato, "Kupiga altrasaundi, usimwambie mtu."

Sasa mwambie Neema asimwambie mtu! Mie nina miaka arobaini na sita, mwanangu Gift yuko chuo, lakini kwa Neema altrasaundi ni mimba tu, basi akamkimbilia mama mkwe, aliyekuwa ameshuka majuzi kutoka Moshi, na mama mkwe akabandika sufuria la mtori, ule wa ndizi na nyama wa kumpa nguvu mzazi, wakaupakua kwenye hotipoti, wakanifuata.

Mie huko nimelala chali, mto chini ya mabega, shingo imepakwa jeli ya baridi, daktari anatembeza kifaa huku anakodolea skrini. "Kingo zake hazijakaa sawa," akasema kwa upole, "tutachukua sampuli. Usiongee, usimeze mate." Sindano ikaingia, na hapohapo korido ikalipuka vigelegele, na sauti ya mama mkwe juu, "Tumepata mjukuu! Akiwa wa kike anaitwa mimi!" na watu wanapiga makofi, na mie kusema siwezi, kumeza siwezi, machozi yananiingia masikioni, daktari anadhani naumia.

Natoka na plasta shingoni, mlinzi ananipongeza, mama mmoja nisiyemjua ananipapasa tumbo.

"Shikamoo mama," nikamwambia mkwe wangu. "Mimba hakuna. Ni shingo. Wanaangalia kansa."

Mama akaitazama plasta, akalitazama tumbo, akarudi kwenye plasta, nami natamani sakafu inimeze kwa jinsi nilivyomwaibisha mbele za watu. Akaweka hotipoti chini, akanivuta kifuani.

"Ukaja peke yako, mwanangu? Kwani sisi tumekufa?"

Halafu (huyu mama!) akafunua hotipoti, akaanza kunilisha mtori kwa kijiko, palepale kwenye benchi, watu wanaangalia, Neema analia kuliko mgonjwa.

Majibu tuliyafuata wote, na mume wangu akaomba ruhusa kazini. Si kansa, akasema daktari, nitarudi tu kupimwa tena waone kama uvimbe unakua. Mama mkwe akamshika daktari mikono yote miwili.

Tangu hapo mie nikiumwa hata kucha natangaza mezani, wote wakiwa wamekaa, na nataja kabisa ni kidole gani.