Ukoko wa Pembeni

Kila asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, mama wa nyumba hii ya Kiamishi, Wakristo wakulima wa Marekani wasiotumia umeme, huchanganya oti, mayai, maziwa, siagi na matufaha kwa mikono yake minene, kisha humimina kwenye trei na kuisukuma kwenye oveni ya kuni. Saa yake ni pua. Pembe nne za trei hugeuka ukoko mtamu, na watoto sita huzigombea. "Atakayefumbua macho kwenye sala, pembe haoni!" mama hufoka.

Leo, katika sala ya kimya, Lavina, binti wa tatu, alichungulia. Mama, kofia nyeupe imeinama kwa unyenyekevu, alikuwa anatafuna. Baba akainua kichwa; sala imekwisha. "Mbona pembe moja haipo?" akashangaa. "Haya, nani ameona?" mama akauliza, midomo ikimeremeta siagi. Lavina alibana kicheko hadi machozi yakamtoka. "Mimi nilikuwa nimefumba, mama." Pembe kubwa kuliko zote ikatua kwenye sahani yake.